Karamu ya Waliorudi

Mashimoni, Kibera
Jumapili, 3 Machi 1996

Boaz, mume wangu mdogo,

Ni mimi Guku yako, nyanya yako Kageha. Anayeandika ni Kitheka fundi wa viatu, yule anakaa karibu na mfereji wa maji wa Nderitu, lakini maneno ni yangu na nimemwambia asinitengenezee. Nikisema vibaya aandike vibaya.

Sisi tuko. Mguu wangu wa kushoto unanisumbua asubuhi, ukipata jua unatulia. Trizah wa shangazi yako amejifungua msichana, wamempa jina langu, kwa hivyo sasa kuna Kageha mwingine wa kupiga kelele hapa. Paa linavuja mahali pale pale. Biashara yangu ya mboga inaenda. Hawa watu wa Nyayo Highrise wameanza kupenda mrenda, wanashuka na vikapu kama wamezaliwa Vihiga.

Barua yako ya Januari ilifika na picha. Nimeiangalia mpaka karatasi imelainika. Umevaa koti jeupe la vifungo vya dhahabu, uko karibu na mzungu wa kofia, mbele yenu kuna keki kubwa kama kitanda. Kitheka anasema huyo wa kofia ni kapteni. Sasa nieleze. Hiyo ilikuwa harusi ya nani? Mbona ni wazee watupu, na kila mmoja ana kitu kinang'aa kifuani?

Picha niliipeleka Kawangware kwa mzee Gachanja, baba ya Mumbi wako. Unakumbuka alivyokuwa ulipopanga chumba kwa ploti yake. Ukimsalimia anaangalia mabati. Siku hiyo alivaa miwani, akakaa na picha muda mrefu, akaniitia chai, chai ya maziwa kweli. Akasema tuje Jumamosi 20 Aprili na mbuzi wawili, tufanye siku ya kuchagua msichana. Unajua hawa Wakikuyu wanavyofanya: wasichana wanafunikwa leso kichwa mpaka miguu, wanatolewa kama magunia, na bwana mwenyewe ndiye anaonyesha wake ni nani. Hakuna wa kumchagulia. Kwa hivyo hata ukinitumia zawadi za dunia nzima na wewe hauko, hatujafanya kitu.

Ulisema likizo yako ni Aprili. Nimewaambia utakuja. Usiniache nimesimama kwa mlango wa mtu ambaye juzi hakuwa ananiitikia salamu.

Kula vizuri. Usitembee bila viatu kwa hiyo meli, chuma ni baridi.

Guku yako

*

Melini, bahari ya Karibi
2 Aprili 1996

Mpendwa Guku,

Habari za huko? Mimi niko poa, afya ni nzuri. Mwambie Trizah hongera. Mwambie pia huyo mtoto asikuige.

Ile haikuwa harusi. Inaitwa karamu ya waliorudi. Kampuni inaweka hesabu ya kila abiria. Ukisafiri na meli zao mara tano unapewa beji ya shaba. Mara ishirini na tano, ya fedha. Mara hamsini, ya dhahabu. Ndiyo ile uliona kifuani. Wenye beji hawapangi laini ya kupanda meli, wanaitwa mbele ya wengine. Wakiingia chumbani wanakuta maua na kikapu cha matunda. Nguo zao zinafuliwa bure, wanapelekwa kuona mahali meli inaongozwa. Na kila safari, siku ya tatu jioni, kapteni anawafanyia karamu yao peke yao. Anasimama mlangoni, anawashika mkono mmoja mmoja. Yule mwenye safari nyingi kuliko wote anatajwa kwa jina, watu wanapiga makofi, anakata keki.

Mimi kazi yangu ni ya vyumba. Natandika vitanda, nafagia, nabadilisha taulo. Siku ya karamu tunaitwa kubeba sinia, na hilo koti tunapewa kutoka stoo. Tukimaliza tunarudisha.

Yule mama wa shanga karibu nami ni Bi Muriel. Ana safari hamsini na tatu. Mume wake alikufa katikati hapo, yeye akaendelea kuja. Hataki mito miwili, anataka mmoja. Dawa yake ya macho lazima ikae upande wa dirisha. Akifika tu melini anauliza, Boaz yuko?

Sasa Guku, usikasirike. Aprili haiwezekani. Kuna safari ya wiki tatu ya wenye beji watupu, na moja ya heshima wanazopewa ni kuchagua mhudumu wanayemjua. Bi Muriel amenitaja kwenye fomu. Likizo yangu imesukumwa mpaka Agosti. Tafadhali mwambie mzee Gachanja kwa njia nzuri. Mumbi nitamwandikia mwenyewe.

Mjukuu wako,
Boaz

*

Mashimoni
12 Mei 1996

Boaz,

Sisi ni wazima. Mtoto ananyonya. Filister wa kwaya hatusemeshani, utajua kwa nini.

Barua yako ilifika tarehe 29 Aprili. Tarehe 20 ilikuwa lini? Nilivaa rinda langu la kanisa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwa mlango wa mjomba wako Maurice. Saa tatu, hakuna Boaz. Saa tano, hakuna. Nikamtuma Maurice mbio Kawangware aseme meli imechelewa, kama vile meli inakuja mpaka stendi. Wakati huo huo mbuzi mmoja akakata kamba akala joho la kwaya la Filister lililokuwa limeanikwa. Mkono mzima. Sasa Filister anaimba na joho la mkono mmoja na ananiangalia mimi.

Kitheka alinisomea hiyo maneno ya beji mbele ya watu wawili waliokuwa wanangoja viatu. Halafu nikauliza, sasa hawa wazee wanapewa keki kwa kufanya nini? Kitheka akasema, kwa kurudi. Kurudi tu? Kurudi tu.

Mimi nimechota maji kwa Nderitu miaka kumi na minane. Kila siku ya Mungu, mitungi miwili, mvua na jua. Basi nilienda nikamwambia, Nderitu, hesabu mara ambazo nimekuja hapa, unishike mkono, uite jina langu, na kesho nisipange laini. Akasema, "Mama, kwani umelewa? Sogea, mwenye ndoo ya kijani aweke." Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Lakini mimi sikuwa nacheka, Boaz.

Huyo Murieli wako ana haki ya kukuchagua. Sawa. Na mimi niliyekubeba mgongoni tangu mama yako azikwe, mimi nachaguaje? Kuna fomu yangu wapi?

Hiyo ya kubeba sinia na koti la stoo iache hapa kati yetu. Baba ya Mumbi si lazima ajue kila kitu cha jikoni.

Siku mpya ni Jumamosi 17 Agosti. Mzee Gachanja alisema "sawa" moja fupi sana. Mumbi alinisindikiza mpaka barabarani na akanibebea kikapu. Ana mkono wenye nguvu huyo msichana. Mwandikie.

Guku

*

Melini
16 Juni 1996

Mpendwa Guku,

Natumaini mguu umepata nafuu. Pole kwa Filister. Nitamletea kitambaa.

Hapa kazi ni nyingi. Jana karamu ilikuwa na watu mia na arobaini. Kuna mzee alipata beji ya dhahabu akalia kama mtoto, kapteni akamshika bega. Mimi nilikuwa nyuma na glasi. Ni ajabu kidogo, mtu kulia kwa sababu ya beji, lakini ukiwa pale huoni ajabu.

Guku, kuna kitu nataka kukuuliza. Nimepata barua ya mzee Gachanja, ya kwanza tangu nizaliwe. Juu ya bahasha ameandika "Ofisa Boaz". Ndani anauliza hapa chini yangu kuna watu wangapi, na kama nikifika Agosti nitakuja na lile koti, kwa sababu amealika ndugu zake wa Kikuyu wote. Ni nani alimwambia kitu juu yangu?

Kuhusu Agosti, naangalia. Wenye beji wana safari nyingine mwezi huo na Bi Muriel yumo. Nitajitahidi.

Boaz

*

Mashimoni
25 Agosti 1996

Boaz,

Leo sitaanza na mguu.

Tulienda bila wewe. "Naangalia" yako niliihesabu kuwa ndiyo, kwa sababu mimi ni mjinga. Nilikungoja mpaka Ijumaa jioni. Maurice akasema tuahirishe tena. Nikasema mtu haahirishi mara mbili kwa mlango mmoja, bora twende tuaibike tumesimama. Tulikuwa watu wanane na mbuzi wawili, na kila mtu aliyeona mbuzi njiani alituuliza bwana harusi ni yupi.

Kwa mzee Gachanja kulikuwa na hema, viti vya kukodi, wazee wa kofia. Picha yako ameiweka kwa fremu ukutani, juu ya redio. Kila mtu akiingia anaonyeshwa.

Tukala. Tukaombewa. Halafu dada ya Gachanja, anaitwa Maggie, mwanamke wa mdomo, akaleta wasichana watano chini ya leso. Wakapangwa mbele yetu. Akasema, "Haya watu wa Vihiga, bwana achague wake. Akikosea ni mbuzi mwingine."

Maurice akaangalia viatu vyake. Watu wetu wote wakaangalia viatu vyao. Maggie akasema tena, "Au kwenu bwana anatumwa kwa posta?" Hapo watu walicheka, na wale wasichana chini ya leso wakaanza kucheka, nikaona vitambaa vinaruka ruka.

Nikasimama. Wazee wakasema, mama, hairuhusiwi. Nikasema hata kutokuja hakuruhusiwi na bado kumefanyika. Nikapita mbele ya hao watano polepole. Mmoja, wa pili, wa tatu, wote wanatetemeka kwa kicheko. Wa nne alikuwa ametulia kabisa. Halafu mabega yake yakashuka, yakapanda, yakashuka. Nikajua huyo hachekeshwi na kitu. Nikamshika mkono. Nikasema ni huyu.

Wakamfunua. Ni Mumbi. Uso wote umelowa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Gachanja akasema, "Msichana amechaguliwa na nyanya. Nyanya ndiye atamuoa?" Mbuzi wetu tukarudi nao nyumbani. Huyo mbuzi wa joho alinivuta kutoka Kawangware mpaka hapa.

Wakati tunatoka nilimuuliza Mumbi, Boaz alikwambia nini kwa barua? Akasema, "Barua gani, Guku?"

Sasa nimefanya kitu changu. Kwa sababu ni huyo Murieli anakuzuia, nimemwandikia Murieli. Kitheka ameweka kwa Kiingereza. Nimemwambia, mama, mimi na wewe ni wazee, na wewe umefiwa na mimi nimefiwa. Umemkalia mtoto wangu. Mwache aje aoe, halafu atarudi akutandikie huo mto wako mmoja. Nimetuma kwa anwani hiyo hiyo ya meli yenu.

Guku

*

Melini
22 Septemba 1996

Guku,

Umeandikia abiria. Barua ilipitia kwa mkubwa wangu, akaniita ofisini na kunisomea. Abiria wa beji ya dhahabu hawaandikiwi na watu wa nyumbani kwetu. Hujui ulichofanya. Tafadhali usifanye tena.

Boaz

*

Mashimoni
20 Oktoba 1996

Boaz,

Kageha mdogo ameota jino. Mvua imeanza. Mfereji wa choo cha jirani umefurika mpaka kwa mlango wangu na Maurice ameniwekea mawe ya kukanyaga.

Kabarua kako kafupi nimekapata. Na siku tatu baadaye nikapata barua ya Murieli. Alipewa barua yangu, hata kama mkubwa wako aliifungua kwanza.

Kitheka alisoma mara moja akaikunja tena. Nikamwambia soma. Akasema, "Mama, ngoja wateja waende kwanza." Hapo nikajua ni mbaya, kwa sababu Kitheka huwa hafukuzi mteja.

Ni mama mzuri. Ana mkono wa kuandika unaotetemeka. Anasema hapo melini watu mia wanamshika mkono na kila mtu anajua jina lake, lakini barua ya mtu kumgombeza hajapata tangu mume wake afe, na ameicheka na kuilia. Halafu anasema hivi. Yeye hajakuchagua. Anajua kuna fomu ya wenye beji ya kuchagua mhudumu, lakini hajawahi kuijaza, kwa sababu anaona si vizuri kumfunga kijana wa mtu. Mwezi wa tatu ulimwambia unaenda nyumbani kuoa, akafurahi, akakupa kitambaa cha meza cha kushona kwa mkono umpelekee bibi harusi. Safari iliyofuata akafungua mlango akakuta ni wewe na mashuka. Akakuuliza. Ukamwambia harusi imesogezwa na familia ya msichana.

Familia ya msichana, Boaz.

Huko unamwambia Murieli ni Mumbi amekataa. Huku unaniambia mimi ni Murieli amekataa. Wanawake wawili hawajawahi kuonana, umewaweka mbele yako kama mlango na dirisha, na wewe uko katikati umekaa.

Mimi sikuenda shule. Lakini nimekaa hapa Mashimoni miaka hii yote na nimeona wanaume wakitoroka kwa njia nyingi. Wengine wanabadilisha nyumba. Wengine wanapanda basi la usiku. Sijawahi kuona mtu anatoroka kwa kutandika vitanda.

Kama humtaki Mumbi, sema. Nitaenda mwenyewe kumwambia, hata kama Maggie atanila. Kama unamtaka, niambie unaogopa nini. Lakini usinidanganye tena na mama wa watu.

Hujafa kwangu. Nimekasirika tu. Nimekasirika mpaka chai hainyweki.

Guku

*

Melini
17 Novemba 1996

Guku,

Samahani kwa ile barua fupi. Samahani kwa zote.

Ni kweli. Kuna fomu ya abiria, na kuna nyingine ya wahudumu wanaojitolea kubaki kwa safari za wenye beji badala ya kwenda likizo. Nilijaza hiyo. Mara mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Kitambaa cha meza kiko chini ya kitanda changu.

Mumbi namtaka. Kila barua niliyomwandikia niliianza vizuri, nikifika pale pa kusema nakuja siku gani naichana.

Guku, nilikaa kwa ploti ya mzee Gachanja miaka mitatu. Hakuwahi kujua jina langu. Aliniita Namba Saba, kwa sababu chumba changu kilikuwa cha saba. "Namba Saba, zima stima." "Namba Saba, hapa si mahali pa kuanika." Mumbi nilikuwa nazungumza naye nyuma ya tangi la maji kama mwizi. Baba yake alipojua alisema wapangaji waoe wapangaji.

Hapa natandika vitanda, ndiyo. Lakini nikichelewa dakika tano watu wanauliza Boaz yuko wapi. Najua nani hawezi kula chumvi na nani anaogopa radi. Wakipewa beji zao wananiita niwapige picha, wanasema Boaz, njoo nawe uingie. Ndiyo hiyo picha niliyokutumia.

Sasa mzee Gachanja ananiita Ofisa. Ameandika barua tatu. Nikija lazima nivue hilo koti mbele ya hema na wazee na Maggie. Nikisema ukweli nitarudi kuwa Namba Saba, na safari hii Mumbi atakuwa ameketi hapo anasikia. Nikidanganya, nitadanganya mpaka lini?

Mimi sikumwambia ni ofisa. Sijawahi kumwambia mtu. Ni nani, Guku? Nijibu hiyo moja tu.

Boaz

*

Mashimoni
15 Desemba 1996

Boaz, baba, mume wangu,

Ni mimi.

Kitheka ameuliza kama niko na hakika nataka hiyo iandikwe. Andika, Kitheka. Ni mimi.

Siku ile ya picha, mzee Gachanja alivaa miwani akauliza, "Huyu kijana si alikuwa mpangaji wangu? Sasa ni mkubwa huko?" Ningesema sijui. Kweli sikuwa najua. Lakini nilikuwa nimekaa kwa kiti chake chenye kitambaa, chai ya maziwa mkononi, na nikakumbuka mara moja nilikuja kukuletea mboga hapo kwa ploti, akanifungulia geti kidogo tu, kama mbwa anapitishwa. Mdomo ukasema wenyewe. Nikasema, "Huyo ndiye wa pili kutoka kwa kapteni." Akaniongezea chai.

Barua yako ya Aprili ikaniambia ni sinia. Ningerudi siku hiyo hiyo kusahihisha. Nikanyamaza. Nilitaka kwanza umuoe, halafu ijulikane polepole. Wewe ukanyamaza huko, mimi nikanyamaza huku, na huyo msichana akafunikwa leso mbele ya watu kwa sababu yetu wawili.

Alhamisi nilienda Kawangware. Peke yangu, sikuchukua hata Maurice. Nilimkuta Gachanja anakamua ng'ombe. Nikasema sitakaa, nikikaa nitakunywa chai na nikinywa chai nitadanganya. Nikamwambia yote. Kwamba koti ni la stoo. Kwamba unatandika watu vitanda, unafagia, na siku ya karamu unabeba glasi. Kwamba si wewe uliyedanganya, ni mimi.

Akasema, "Ulinidanganya, mama. Kwa nyumba yangu."

Nikasema, nilikudanganya. Na wewe ulimwita mtu Namba Saba miaka mitatu.

Alienda nyuma ya zizi akakaa huko. Nilifikiri ameenda kuleta fimbo. Aliporudi alikuwa ameivua kofia. Akauliza, "Hiyo kazi ya vitanda, anaifanya vizuri?" Nikasema watu wanarudi mara hamsini. Akasema, "Mimi sikumwomba awe ofisa. Nilipomwona ni ofisa nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini nilimwomba aje. Hilo ndilo hajafanya." Hapo alikuwa amesema kweli.

Kumbe Mumbi alikuwa mlangoni. Akasema, "Baba, mimi nilijua kazi yake tangu mwanzo. Aliniambia siku anaondoka. Picha ilipowekwa ukutani nilikwambia huyu hubeba vitu, ukasema nafukuza baraka." Gachanja akaangalia ng'ombe. Halafu akanigeukia mimi. Boaz, nimeangaliwa na maaskari, nimeangaliwa na wenye nyumba, lakini vile huyo msichana aliniangalia sitaki tena. Akasema, "Guku, mimi sijali sinia. Nilikaa chini ya leso saa nzima. Mwambie Jumamosi 22 Februari. Sitafunikwa. Nitakaa kwa kiti uso wazi, akija ataniona. Asipokuja, hakuna siku nyingine, na wewe usije kunichagua."

Hivyo tu. Alinisindikiza lakini kikapu nilibeba mwenyewe.

Najua hiyo fomu ya kujitolea iko hapo mezani inakungoja. Usiijaze. Hapa hakuna beji. Kapteni hakuna, makofi sijui. Kuna Filister ambaye bado amenuna. Lakini njoo. Kama ni kuaibika tutaaibika wawili, mimi nitasimama mbele yako, mimi ni mnene utajificha.

Guku yako

*

Mashimoni
Ijumaa, 21 Februari 1997, mchana

Boaz,

Barua hii haipandi ndege. Uko hatua tatu kutoka hapa nilipo, umelala kwa kitanda changu na miguu imetoka nje kwa sababu kitanda ni cha mtu mfupi. Kitheka amekuja na kiti chake, tumekaa nje chini ya ukuta. Nikifungua mdomo kukusemesha nitalia, na mimi sijalia mbele yako tangu tumzike mama yako, wala sitaanza leo nikiwa na kazi nyingi. Kwa hivyo utasoma.

Uliingia asubuhi na begi moja. Nikakupa uji. Ukasema, "Guku." Nikasema, kunywa uji. Hiyo ndiyo salamu yetu ya miaka miwili, na imetosha kwa sasa. Bado nimekasirika. Hasira yangu haijaisha eti kwa sababu umekonda.

Karatasi ya kazi ilianguka kutoka kwa begi yako na nimempa Kitheka aisome. Unisamehe au usinisamehe. Anasema uliondoka katikati ya safari ya wenye beji na hawajaahidi kukuchukua tena. Sikuulizi. Tutauliza Jumatatu.

Mumbi alikuja ukiwa umelala. Alikuwa amepitia sokoni, ndivyo alivyosema, lakini sikuona alichonunua. Akasimama mlangoni bila kuvuka. Akakuangalia sana.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Amelala na viatu."

"Nimeshindwa kuvitoa."

Akaingia, akavitoa, akaviweka chini sambamba, akatoka. Akaniambia, "Mwambie kesho ni saa nne, si saa tano." Na akaenda. Hakucheka, wala hakulia. Mimi nikikaa na mtu wa namna hiyo miaka hamsini sitachoka.

Sasa sikia za kesho. Utavaa shati lako la kahawia. Kabla ya mtu yeyote kuuliza, utasimama useme jina lako lote, la baba yako na la ukoo, halafu useme kazi yako: natandika vitanda na kubeba sinia. Useme kwa sauti. Usiniangalie mimi ukisema. Maggie atacheka, mwache acheke, ndivyo alivyo. Halafu utembee mpaka kwa kiti cha Mumbi. Hakuna leso, huwezi kukosea.

Naenda kwa Filister kuazima pasi ya makaa, na huenda nikakaa, kwa sababu lazima kwanza nimwombe msamaha na anapenda kuombwa polepole. Viazi viko kwa sufuria. Ukiamka kabla sijarudi, usiende popote.

Guku